Sauti ya Mwenye Hisa juu ya Malipo ya Wakuu wa Kampuni: Sheria na Lugha katika Beni na Butembo

1.0 Utangulizi

Mwenye kutia mali yake katika kampuni humkabidhi mtu mwingine kazi ya kuiendesha, na mtu huyo hustahili ujira. Swali ambalo limewashughulisha watunga sheria wa nchi nyingi tangu mwanzo wa karne hii linahusu kiasi na mamlaka: ujira huo uwe kiasi gani, na ni nani mwenye haki ya kuupanga? Je, wenye hisa wapewe nafasi ya kuamua juu ya malipo ya wakuu wa kampuni, au jambo hilo liachwe mikononi mwa bodi ya wakurugenzi?

Kwa kawaida swali hili huelezwa kwa mifano ya makampuni makubwa ya London na New York. Hata hivyo linawahusu pia watu wa Butembo na Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Butembo ni mji wa wafanyabiashara ambao kwa miaka mingi wameleta bidhaa kutoka Dubai na miji ya China, zikipitia mpaka wa Kasindi. Pande za Beni zinajulikana kwa kakao na kahawa, mazao ambayo baadhi ya wakulima huyauza kwa njia ya ushirika. Kila palipo na watu waliochanga mtaji na mtu mmoja anayeushika, pana suala la malipo ya huyo anayeushika.

Makala haya yanakusudia kueleza mambo matatu. Kwanza, tutaangalia jinsi watunga sheria wa nchi nyingine walivyolijadili suala hili. Pili, tutaeleza sheria inayotumika Beni na Butembo inasema nini. Tatu, tutachunguza lugha inayotumiwa kulizungumzia. Hoja yetu ni kwamba haki ya kupiga kura pekee haitoshi kumpa mwenye hisa sauti. Hana budi kwanza kuijua tarakimu inayopigiwa kura, na kuifahamu kwa lugha ambayo yeye na wenzake hujadiliana.

2.0 Chimbuko la Mjadala

Katika kampuni kubwa wenye hisa huwa maelfu, na hawawezi kuiendesha wenyewe. Huchagua bodi ya wakurugenzi, nayo bodi humteua mkurugenzi mkuu na kupanga malipo yake. Utaratibu huu una kasoro iliyo wazi. Mara nyingi wajumbe wa bodi ni wakuu wa makampuni mengine, au hata wamependekezwa na mkurugenzi yule yule ambaye wanapaswa kumpangia malipo. Fedha wanazogawa si zao. Kwa hiyo wapo waliotaka malipo hayo yarudishwe mbele ya wenye mali.

Uingereza ilitangulia. Kwa kanuni za mwaka 2002, makampuni yaliyosajiliwa katika soko la hisa yalitakiwa kutoa ripoti ya malipo ya wakurugenzi na kuipeleka mbele ya mkutano mkuu ili ipigiwe kura. Kura hiyo ilikuwa ya ushauri tu, yaani haikuifunga bodi. Mwaka 2003 wenye hisa wa kampuni ya dawa ya GlaxoSmithKline waliikataa ripoti hiyo kwa wingi mdogo wa kura. Mwaka 2013 sheria ya Uingereza iliongezwa nguvu: sera ya malipo ya siku zijazo sasa hupigiwa kura yenye kufunga, angalau mara moja katika kila miaka mitatu.

Nchini Marekani, Baraza la Wawakilishi lilijadili mswada wa namna hiyo na kuupitisha tarehe 20 Aprili 2007 kwa kura 269 dhidi ya 134. Waliouunga mkono walisema kwamba mwenye mali ana haki ya kutoa maoni juu ya jinsi mali yake inavyotumiwa. Waliopinga walijibu kwamba wenye hisa tayari wanaichagua bodi, na asiyeridhika anaweza kuuza hisa zake akaondoka. Mswada huo haukupita katika Seneti. Ilikuwa baada ya msukosuko wa mabenki wa mwaka 2008 ndipo kura ya ushauri ilipoingizwa katika sheria ya fedha iliyotiwa saini mwezi Julai 2010. Mwaka 2012 wenye hisa wa benki ya Citigroup waliyakataa malipo ya wakuu wao.

Mfano wa Ufaransa unatuhusu zaidi, kwa sababu sheria ya makampuni inayotumika Kongo imetokana kwa kiasi kikubwa na ya Ufaransa. Mwezi Aprili 2016 asilimia 54 ya kura za wenye hisa wa kampuni ya magari ya Renault zilikataa malipo ya mkuu wao, Carlos Ghosn. Kwa kuwa kura hiyo ilikuwa ya ushauri, bodi ilikutana na kuamua kuyaacha malipo kama yalivyokuwa. Jambo hilo lilizusha malalamiko makubwa, na sheria ya tarehe 9 Desemba 2016 ikaifanya kura kuwa yenye kufunga. Uswisi ilikuwa imekwisha kufika huko mapema zaidi kwa kura ya maoni ya wananchi ya tarehe 3 Machi 2013, ambapo takriban asilimia 68 ya waliopiga kura walikubali kwamba wenye hisa ndio waamue.

Katika Afrika ya Mashariki, Kenya ililipokea wazo hili katika Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015, ambayo imefuata kwa karibu ile ya Uingereza. Makampuni yaliyo katika soko la hisa hupeleka ripoti ya malipo ya wakurugenzi mbele ya mkutano mkuu wa kila mwaka ili wenye hisa waipigie kura. Mwenye hisa chache za Safaricom, hata akiwa mwalimu wa shule ya msingi, hulikuta jambo hilo katika ajenda anayopelekewa.

3.0 Sheria Inayotungwa Nje ya Bunge

Tukivuka mpaka kutoka Uganda na kuingia Kasindi, tunaikuta hali iliyo tofauti kabisa. Sheria ya makampuni inayotumika Beni haitungwi na Bunge la Kinshasa. Tarehe 11 Februari 2010 ilitolewa sheria iliyoruhusu nchi kujiunga na OHADA, yaani Umoja wa Kuoanisha Sheria za Biashara katika Afrika, ulioanzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Port Louis, Mauritius, tarehe 17 Oktoba 1993. Uanachama wa Kongo ulianza kutumika tarehe 12 Septemba 2012. Tangu siku hiyo sheria za zamani za makampuni, ambazo mizizi yake ilikuwa katika dekrii ya mwaka 1887 ya enzi ya Leopold II, ziliachia nafasi Sheria ya Pamoja ya Makampuni ya Biashara. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 1997 na kurekebishwa mjini Ouagadougou tarehe 30 Januari 2014.

Sheria za Pamoja hupitishwa na Baraza la Mawaziri, ambamo mawaziri wa sheria na wa fedha wa nchi wanachama hukutana. Rasimu hupelekwa kwanza kwa serikali ili zitoe maoni. Baada ya kupitishwa, sheria hutumika moja kwa moja katika kila nchi, na kifungu chochote cha sheria ya nchi kinachopingana nayo hukosa nguvu. Kesi zikifika ngazi ya mwisho, huamuliwa na Mahakama ya Pamoja iliyoko Abidjan.

Matokeo yake ni haya. Mbunge aliyechaguliwa na watu wa Butembo anaweza kuuliza swali bungeni juu ya malipo ya wakuu wa makampuni, lakini hawezi kuleta mswada wa kuigeuza Sheria ya Pamoja. Mjadala wa wazi uliofanyika Washington, London na Nairobi hauna ukumbi wake Kinshasa. Aidha, tuzingatie tarehe: marekebisho ya Ouagadougou yalifanyika miaka miwili kabla ya kisa cha Renault. Somo ambalo Ufaransa ililipata mwaka 2016 halikuweza kuingia katika sheria iliyokuwa imekwisha kuandikwa.

4.0 Sheria Hiyo Inasema Nini

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba mwenye hisa wa Beni hana haki yoyote. Haki anazo, ila zinatofautiana kwa kadiri ya aina ya chombo alichojiunga nacho. Tutaeleza aina tatu.

4.1 Kampuni yenye dhima ya kikomo

Hii ndiyo inayojulikana kwa herufi SARL, na inafaa sana kwa biashara ya ndugu au marafiki wachache. Huongozwa na msimamizi mmoja au zaidi. Kwa mujibu wa ibara ya 325, kazi ya msimamizi inaweza kuwa ya bure au ya kulipwa, kwa masharti yaliyowekwa katika katiba ya kampuni au katika uamuzi wa pamoja wa washirika. Hapa basi wenye mali wenyewe ndio wanaopanga malipo, na kura yao hufunga.

Tuchukue mfano wa kubuni. Watu watano wameunda kampuni, kila mmoja ana asilimia 20 ya mtaji, na mmoja wao ndiye msimamizi. Kabla ya kumlipa msimamizi, kampuni imepata dola 40,000. Tuache kodi kando. Wakimlipa 10,000, zinabaki 30,000 za kugawana. Kila mshirika atapata 6,000, naye msimamizi atakuwa na 16,000 kwa jumla. Wakimlipa 30,000, zinabaki 10,000. Kila mshirika atapata 2,000, ilhali msimamizi atakuwa na 32,000. Faida ni ile ile. Kilichobadilika ni jina la fedha, sehemu ya gawio ikiwa imeitwa malipo. Hii ndiyo sababu suala la malipo ni suala la umiliki.

Katika mfano huu wanne wanaweza kumkatalia mmoja. Hali hubadilika msimamizi akiwa na asilimia 60 ya mtaji. Maamuzi ya kawaida hupita kwa zaidi ya nusu ya mtaji. Tena, ibara ya 325 inayatoa malipo ya msimamizi nje ya utaratibu wa mikataba inayodhibitiwa, ambao humzuia mshirika mhusika kupiga kura. Kwa hiyo mwenye sehemu kubwa anaweza kujipangia malipo mwenyewe, na kura za wenzake zisibadili kitu. Kinga inayobaki kwao ni kwenda mahakamani kudai kwamba wengi wametumia vibaya wingi wao, au kwamba mali ya kampuni imetumiwa kinyume cha maslahi yake, jambo ambalo ni kosa la jinai. Pia washirika wenye angalau moja ya kumi ya mtaji wanaweza kuomba mahakama iteue mtaalamu wa kuchunguza tendo fulani la uendeshaji.

4.2 Kampuni ya hisa

Hii ndiyo SA, umbo la kampuni kubwa zaidi. Katika kampuni ya hisa yenye bodi, sheria imeyagawa malipo katika mafungu. Fungu la kwanza ni posho ya ukurugenzi wanayopewa wajumbe wa bodi. Posho hiyo ni kiasi maalumu cha mwaka, na mkutano mkuu ndio unaokipanga. Kisha bodi hukigawa miongoni mwa wajumbe wake, isipokuwa katiba ya kampuni imesema vinginevyo. Fungu la pili ni malipo maalumu kwa kazi za ziada ambazo mjumbe ametumwa kuzifanya. Hayo huamuliwa na bodi yenyewe, nayo mkaguzi wa hesabu hutakiwa kuyatolea ripoti maalumu mbele ya mkutano mkuu. Fungu la tatu, ambalo mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, ni malipo ya mkurugenzi mkuu. Namna ya malipo hayo na kiasi chake hupangwa na bodi.

Hapa pana jambo la kushangaza kidogo. Washirika watano wa duka la vitambaa wana neno la mwisho juu ya malipo ya msimamizi wao, lakini wenye hisa wa kampuni kubwa hawana kura ya moja kwa moja juu ya malipo ya mkurugenzi mkuu wao, hata ile ya ushauri tu. Kadiri kampuni inavyokua, ndivyo sauti ya mwenye mali inavyopungua.

Badala ya kura hiyo, sheria imempa mwenye hisa haki ya kujua. Ibara ya 525 inamruhusu, kabla ya mkutano mkuu wa mwaka, kupata jumla ya malipo waliyopewa viongozi na wafanyakazi wanaolipwa zaidi kuliko wote: watu kumi ikiwa kampuni ina wafanyakazi zaidi ya 200, au watano ikiwa hawafiki hapo. Jumla hiyo huthibitishwa na wakaguzi wa hesabu. Tusisitize neno jumla. Mwenye hisa ataambiwa kwamba watu watano wamelipwa kiasi fulani kwa pamoja; hatajua wa kwanza amepata mara ngapi ya wa tano.

4.3 Ushirika

Vyama vya ushirika vina Sheria ya Pamoja yao, iliyopitishwa Lomé tarehe 15 Desemba 2010. Humo kila mwanachama ana kura moja, iwe amechanga kidogo au kingi. Katika ushirika wa aina sahili, unaoweza kuundwa na watu watano tu, wajumbe wa kamati ya uongozi hawalipwi kwa kazi hiyo. Hurudishiwa gharama walizozitumia, kwa masharti ya katiba ya chama au ya mkutano mkuu.

Hivyo mkulima wa kakao katika ushirika wa namna hii hana haja ya kuuliza mwenyekiti amelipwa mshahara gani. Swali lake ni la gharama: ni safari zipi, mafuta kiasi gani, na stakabadhi ziko wapi. Pale ambapo sheria imefunga mlango wa mshahara, dirisha la gharama ndilo linalostahili kuangaliwa.

5.0 Suala la Lugha

Mpaka hapa tumezungumza kana kwamba sheria hii inasomeka na wote inaowahusu. Ukweli ni kwamba lugha za kazi za OHADA, kwa mujibu wa mkataba uliorekebishwa Québec mwaka 2008, ni Kifaransa, Kiingereza, Kihispania na Kireno, na tafsiri zikitofautiana Kifaransa ndicho hushinda. Kiswahili, ingawa Katiba ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja miongoni mwa lugha nne za taifa, hakimo. Lakini huko Butembo na Beni watu hujadili biashara zao kwa Kiswahili na Kinande. Hoja hutolewa kwa lugha moja na sheria husomwa kwa lugha nyingine.

Tatizo hili haliishii kwenye kutafsiri. Tuangalie neno mshahara. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni neno lenye maana ya mwezi; mshahara ni kile anachopokea mtu kila mwezi. Mwenye hisa akisimama mkutanoni na kuuliza, “Mshahara wa mkurugenzi ni kiasi gani?”, anaweza kujibiwa kwa tarakimu ndogo iliyo kweli tupu. Posho ya mwaka, malipo maalumu, nyumba na gari havimo katika mshahara, kwa hiyo havimo katika jibu. Hakudanganywa, swali lake ndilo lililokuwa finyu kuliko kusudi lake. Angeuliza juu ya jumla ya malipo, mlango ungefunguka zaidi.

Vivyo hivyo neno hisa. Sheria ya Kifaransa ina neno moja kwa sehemu za SARL na neno jingine kwa hisa za SA, na kila neno lina taratibu zake za uuzaji na za kura. Kiswahili sanifu huviita vyote viwili hisa, na mazungumzo ya mjini huazima maneno ya Kifaransa kama aksyonere bila kutofautisha. Tunapendekeza kwamba waandishi watumie sehemu kwa SARL na hisa kwa SA. Posho ya ukurugenzi kwa malipo ya mwaka ya wajumbe wa bodi. Malipo maalumu kwa yale ya kazi za ziada. Na jumla ya malipo kwa yote yakiwekwa pamoja.

Neno la mwisho ni sauti. Katika Kiswahili, mtu mwenye sauti ni yule ambaye neno lake hufuatwa. Asiye na sauti nyumbani anaweza kusema kutwa nzima, lakini hasikilizwi. Kwa kipimo hicho, kura ya ushauri waliyopiga wenye hisa wa Renault ilikuwa maoni, si sauti. Lugha yetu inatusaidia kuiona tofauti ambayo watunga sheria wa Ufaransa waliihisi baada ya kura kupuuzwa.

6.0 Hitimisho

Tumeona kwamba watunga sheria wa nchi mbalimbali wamelijibu swali la malipo kwa kura ya ushauri au kwa kura yenye kufunga. Katika sheria inayotumika Beni na Butembo, jibu limegawanyika: kura kamili katika kampuni ndogo, haki ya kujua jumla katika kampuni ya hisa, na katazo la malipo kwa kamati ya ushirika sahili. Kila jibu lina udhaifu wake. La kwanza humlinda mwenye sehemu kubwa, la pili huficha mtu mmoja mmoja ndani ya jumla, na la tatu huweza kukwepwa kwa njia ya gharama.

Kuibadili sheria hiyo kutahitaji makubaliano ya mawaziri wa nchi nyingi, jambo lisilo la siku moja. Lakini yako yanayowezekana bila kuibadili. Katiba ya kampuni inaweza kuandikwa hivi kwamba malipo ya msimamizi yakubaliwe na washirika wasio wasimamizi. Mkutano mkuu unaweza kudai taarifa yake itolewe pia kwa Kiswahili. Idara zetu za Kiswahili na vitivo vya sheria, kikiwamo kile cha Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoko Butembo, vinaweza kushirikiana kutunga faharasa ya istilahi za makampuni ambayo mhasibu, wakili na mwenye hisa wataitumia kwa maana moja.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari za makampuni ya Butembo zipo. Linalobaki ni kuhakikisha kwamba mwenye mali, akilifungua daftari lake kabla ya kupiga kura, anaweza kulisoma.